Banda la Kuku

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1913 mganga Albert Schweitzer aliwasili Lambaréné pamoja na mkewe Helene, aliyejifunza kazi ya uuguzi. Mahali hapo pako katika nchi ya Gaboni, kando ya mto Ogowe, karibu sana na Ikweta, na siku zile nchi ile ilitawaliwa na Wafaransa. Kabla ya safari waliahidiwa kwamba watakuta nyumba ya mabati imekwisha kujengwa kwa ajili ya wagonjwa. Hawakuikuta. Biashara ya magogo ya mti uitwao okume ilikuwa imestawi, nao wanaume wenye nguvu walikuwa msituni wakikata miti kwa ujira mwema, hata hakupatikana mtu wa kushika jembe.

Lakini ugonjwa haungoji fundi. Mganga alikuwa ametangaza kwamba katika majuma matatu ya kwanza waje wale tu walio hatarini. Wapi! Walikuja kila siku kwa mitumbwi, wengine wakitoka mwendo wa zaidi ya kilomita 200, wenye vidonda, homa, ngiri, malale na ukoma. Akawatibu uwanjani mbele ya nyumba yake, katika jua kali. Na jioni ilipovuma tufani, ilibidi dawa na vyombo vyote vikimbizwe barazani, naye ambaye kidonda chake kimekwisha kufunguliwa akae angoje.

Mganga akatazama huku na huku, akaona banda la kuku, lililoachwa na mtu aliyekaa nyumba ile kabla yake. Akatia rafu ukutani na kitanda kikuukuu, na ule uchafu uliokataa kutoka akaupaka chokaa. Banda halikuwa na dirisha, na paa lake lilikuwa na matundu, hata mganga akafanya kazi kutwa na kofia ya jua kichwani, humo humo ndani. Walakini mvua ya kwanza iliponyesha, yeye na mkewe walifurahi mno, kwa kuwa waliendelea kufunga vidonda bila kukimbia. Asiyepata kunyeshewa kazini huenda asiielewe furaha hiyo.

Msaidizi wao wa kwanza alikuwa Joseph Azoawani, aliyewafasiria maneno ya wagonjwa. Kwa kuwa zamani alikuwa mpishi, viungo vya mwili alivitaja kwa majina ya jikoni: huyu anaumwa paja la kondoo la kulia, yule mbavu za kuchoma. Kila asubuhi saa mbili u nusu wagonjwa walisomewa amri. Wasiteme mate karibu na nyumba, wasipige kelele, waje na chakula cha siku nzima, tena chupa na makopo ya dawa wayarudishe. Amri hii ya mwisho ilikuwa na maana kubwa, maana dawa bila chupa haiendi safari ya mtumbwi. Kila mgonjwa alivikwa shingoni kadi ya mviringo yenye namba, na namba hiyo iliandikwa daftarini pamoja na jina lake, ugonjwa wake na dawa alizopewa. Jua lilipokuchwa kazi ilikoma, kwani taa ingewavuta mbu wenye homa; na wasiofikiwa walilala na maumivu yao hata kesho.

Ikawa nyumba haina budi kujengwa. Wamisioni wenzake wakampa faranga 2,000. Kiwanja kilikuwa chini ya kilima, nacho kilitaka kuchimbwa kisawazishwe. Mganga akashika sepetu mwenyewe, huku msimamizi wa vibarua akijilaza chini ya mti na kuwatupia mara moja moja neno la kuwatia moyo! Kabla ya mwaka kwisha nyumba ikasimama: chumba cha kutazamia wagonjwa na chumba cha kupasulia, kila kimoja meta 4 kwa 4, pamoja na vijumba viwili vya dawa na vyombo. Sakafu ilikuwa ya saruji. Madirisha yalifika hata paani ili hewa ya moto itoke, nayo yalizibwa kwa chandarua badala ya kioo. Watu walistaajabu kuona nyumba ya mabati isiyo na joto. Karibu yake kikajengwa kibanda cha kungojea, wasikae juani tena.

Katika miezi tisa ya kwanza walitibiwa watu wapatao 2,000. Mganga huyo hakukosa ila; alipenda kusema kwamba yeye ni ndugu wa Waafrika, lakini ndugu mkubwa, na neno hilo limewachukiza wengi. Vita ilipokuja, yeye na mkewe, kwa kuwa walikuwa raia wa Ujeremani, walipelekwa Ufaransa kama wafungwa mwaka wa 1917.

Alirudi mwaka wa 1924. Majani yalikuwa yamefunika njia, na mapaa ya makuti yameoza. Nyumba ndogo ya mabati ilikuwa ingali imesimama. Wagonjwa wakaja tena. Basi asubuhi akawa mganga, na alasiri akaenda vijijini kuomba makuti ya kuezekea.