WATAGUNDUA NINI?

Somo: 1 Samweli 10:20-24

Neno la leo ni la mtu ambaye mambo yake yameanza kuwa mazuri na bado hana amani.

Umepata kazi uliyoiombea miaka mingi. Umechaguliwa mweka hazina wa chama. Umepandishwa cheo, ama umepewa kwaya uiongoze. Watu wanakupongeza. Lakini ndani yako kuna sauti inayosema, "Ngoja tu. Siku moja watakugundua." Mkubwa wako akipiga simu, moyo unaruka. Unadhani siku yenyewe imefika.

Hali hiyo inajulikana. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana masomoni na kazini. Walikuwa na vyeti na heshima, na bado kila mmoja aliamini moyoni kwamba amewadanganya watu. Baadaye ilionekana kwamba wanaume pia wanayo. Wataalamu wanasema ni hali ya kujiona mlaghai. Sisi tuseme kwa lugha ya sokoni: kujiona feki.

Na usidhani ukipanda juu zaidi itakuacha. Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa Kisumu, alishinda tuzo ya Oscar mwaka 2014. Dunia nzima ilimpigia makofi. Baadaye alisema waziwazi kwamba hisia hiyo humjia kwa kila kazi mpya anayopewa kuigiza, na kwamba huenda ile tuzo ndiyo iliyoizidisha. Kama Oscar haikuinyamazisha kwake, barua ya kupandishwa cheo haitainyamazisha kwako.

Utajuaje kwamba imo ndani yako? Jiangalie kwa mambo manne.

La kwanza, ukisifiwa unatafuta haraka mtu mwingine wa kumpa sifa hiyo. "Mtihani ulikuwa rahisi." "Walikosa mtu mwingine." "Ilikuwa bahati tu."

La pili, kosa lako moja unalikumbuka mwaka mzima, lakini mema yako kumi yanapotea kabla ya Jumapili.

La tatu, unafanya kazi mara tatu ya wenzako. Huifanyi kwa sababu unaipenda. Unaogopa tu kwamba ukipumzika watakuona ulivyo.

La nne, unakataa nafasi kabla hujapewa. Fomu iko mezani, siku ya mwisho inapita, nawe unasema, "Hiyo ni ya watu wenye akili."

Nami naijua hali hii. Mimi ni mtoto wa mama aliyeuza viazi vitamu kando ya barabara. Nikialikwa kuhubiri Nairobi, usiku wa Jumamosi sauti inakuja: "Wewe ni nani mbele ya maaskofu na madaktari? Na hiyo 'sh' yako je?" Wajaluo wenzangu mnanielewa. Tukisema "samaki" hakuna shida. Tukifika kwa "shukrani" watu wanasubiri wacheke. Kijana wetu akienda chuo kikuu ananyamaza darasani miaka minne, jibu analo, kwa sababu ya herufi mbili. Hofu nyingine tulipandiwa na watu waliotucheka tukiwa wadogo.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye neno lenyewe.

Dada mmoja, muuguzi, alinijia akitaka tuombe. Alikuwa ameambiwa asimamie dispensari, naye alitaka kukataa. (Ameniruhusu nisimulie bila jina.) Akasema, "Pasta, nikikaa kwa kile kiti watanigundua." Nikamuuliza, "Watagundua nini?" Akanyamaza. Nikamuuliza, "Cheti chako ni cha kweli?" Ndiyo. "Leseni unayo?" Ndiyo. "Kuna dawa uliiba? Kuna mgonjwa ulimtelekeza?" La. "Basi watagundua nini?" Akatafuta jibu muda mrefu. Mwishowe akasema, "Watagundua kwamba naogopa."

Mpendwa, nenda na swali hilo nyumbani. Watagundua nini? Malizia hiyo sentensi. Iandike kwa kalamu.

Nasema hivyo kwa sababu walaghai wa kweli wapo. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma hapa Kenya ilitangaza kwamba ukaguzi umefichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi katika ofisi za serikali. Hao, ukiwauliza watagundua nini, jibu lipo: cheti fulani, cha mwaka fulani, kilichotengenezwa mahali fulani. Kama jibu lako ni la namna hiyo, usiombe uondolewe hofu. Hofu hiyo inafanya kazi yake. Nenda ukatengeneze, hata kama ni kwa gharama.

Lakini kama umekaa na kalamu dakika kumi na karatasi bado ni nyeupe, basi jua sauti hiyo si ya dhamiri yako.

Roho Mtakatifu akitukemea, hutaja jambo. Nathani alipotumwa kwa Daudi, hakumwambia tu kwamba yeye ni mtu mbaya. Alimtajia Uria, akamtajia mke wa Uria. Daudi akajua atubu nini, akatubu, akasimama. Yule ambaye Ufunuo 12:10 unamwita mshitaki, yeye hushitaki mchana na usiku. Na ukiona mashitaka hayana tarehe wala kosa, ila ni "wewe hufai" tu, uliza yametoka wapi. Huwezi kutubu "hufai." Ndiyo maana haiishi.

Tangu Shakahola mwaka 2023, watu wanatuuliza sisi wahubiri, "Nani alikutuma? Nani anakukagua?" Ni maswali ya haki, na mchungaji asiyetaka kuulizwa mkimbieni. Kujipima ni kwema. Lakini kujipima kuna mwisho: unaingia kwenye mizani, unasoma uzito, unashuka. Kujiona feki ni kukaa juu ya mizani maisha yako yote na kukataa kuisoma.

Wengine mtaniambia, "Pasta, huo si unyenyekevu?" Hebu tumwangalie Sauli.

Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu. Samweli alimpaka mafuta. Kura ikapigwa mbele ya taifa zima, ikamwangukia. Alipotafutwa, hakuonekana. Ilibidi Mungu mwenyewe awaambie kwamba mtu wenu amejificha kwenye mizigo. Mtu mrefu kuliko Israeli yote, amejikunja katikati ya magunia! Ungemwona siku hiyo ungesema, "Kijana mnyenyekevu huyu."

Sasa fuata hadithi. Katika sura ya 15, Samweli anamkumbusha kwamba alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Na katika sura hiyo hiyo Sauli anakiri kwamba aliliasi neno la Bwana kwa sababu aliwaogopa watu. Fika sura ya 18: wanawake wanaimba, wanamsifu Daudi kumzidi, na tangu siku hiyo Sauli anamwangalia Daudi kwa jicho baya. Mwishowe mkuki uko mkononi.

Umeona njia ile? Aliyetoka kwenye mizigo alitoka nayo moyoni. Taji halikumtosha. Kila aliyefanya vizuri karibu naye akawa adui wa kumfichua. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu jambo hili haliishii kwako. Mwalimu anayejiona feki hatamsifu mwalimu kijana. Mchungaji anayejiona feki hatampa mtu mwingine madhabahu. Mama anayejiona feki atamwambia binti yake, "Shuka chini, usijione." Mkuki wa Sauli unarithiwa.

Mnyenyekevu anajisahau akafanya kazi. Anayejiona feki anajifikiria mchana kutwa.

Mwangalie Paulo katika 1 Wakorintho 15. Anasema yeye ni mdogo kuliko mitume wote, na anataja sababu: alilitesa kanisa. Hilo lilikuwa kweli. Halafu anasema ni kwa neema amekuwa alivyo. Halafu, bila aibu, anasema alifanya kazi kuliko wote. Mambo yote matatu yako pamoja: ukweli wa nyuma, neema, na kazi iliyofanyika. Hakuficha hata moja.

Hapo tuwe waangalifu na neno letu la kila siku, "ni Mungu tu." Ni neno zuri. Lakini wakati mwingine tunajificha nyuma yake kama Sauli nyuma ya magunia. Ukilisema ukabaki na amani, ni shukrani. Ukilisema ili watu waache kukutazama, hayo ni magunia. Mungu alitoa neema, na wewe ulikesha ukisoma. Kusema ulikesha si kumwibia Mungu.

Wazee wa Kiswahili wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo mnyonge ni wewe. Jipe haki yako.

Wiki hii fanya haya. Andika lile swali na ulijibu. Andika mambo matatu uliyofanya kwa mikono yako mwenyewe na yakasimama. Akikusifu mtu, sema "asante" na unyamaze, usiongeze "lakini." Mwambie mtu mmoja unayemwamini kuhusu sauti hiyo, maana inapata nguvu ikiwa peke yake na wewe usiku. Na kama imekunyima usingizi na chakula, muone mshauri nasaha. Kuomba na kutafuta msaada havigombani.

Yule dada alichukua kazi. Juzi aliniambia hofu bado humjia Jumatatu asubuhi. Lakini sasa anaiuliza swali, anavaa sare, anafungua mlango, na wagonjwa wanahudumiwa.

Tuombe. Baba, unayemjua mtu kabla hajajijua, mwite kwa jina yule aliyejificha kwenye mizigo. Kama kuna jambo la kutubu, litaje, naye atatubu. Kama hakuna, nyamazisha mshitaki. Mpe asimame kwa urefu wake wote bila kumdharau aliye mfupi. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili ni lako, andika: NATOKA KWENYE MIZIGO. Kisha mtumie mtu mmoja ambaye fomu yake bado iko mezani.