Bibi, mkonge na glasi ya tekila

Mtoto ndiye aliyechagua. Alikuwa anatimiza miaka 9, na rafiki yake wa darasani alikuwa amemsimulia habari za mgahawa mmoja wa Kimeksiko pale Houston, ambako mwenye siku ya kuzaliwa huvishwa kofia pana na kuimbiwa na wahudumu. Mama yake akamtazama baba yake. Mgahawa ule una baa ya tekila, ukuta mzima ni chupa, na taa za baa zinaonekana kabla hujaona mlango.

"Twendeni tu," baba akasema.

Ulikuwa mwezi wa 14 tangu aache pombe. Nyumbani jambo hilo halizungumzwi. Mke anahesabu miezi, mume anahesabu, na mtoto naye anajua ingawa hakuna aliyemweleza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiamka kumfungulia mlango. Aliyekuwa hajaambiwa ni bibi tu, aliyekuja kutoka Muheza kukaa nao miezi 3, na ambaye miaka yote alikuwa akipigiwa simu za habari njema.

Walikuta foleni. Binti wa mlangoni akasema meza itapatikana baada ya dakika 40, wanaweza kusubiri kaunta. Ndivyo biashara hizi zinavyokwenda, anayesubiri kaunta hakosi kununua. Baba akasema watasubiri nje. Joto la Texas mwezi Juni si la mchezo hata saa moja jioni. Bibi akakaa kwenye benchi akijipepea kwa menyu, akauliza kwa nini wanaungua huku ndani kuna viti na ubaridi. Hakuna aliyemjibu.

Mezani mambo yakawa mepesi kidogo. Bibi, aliyekuwa ameapa kwamba chakula cha kigeni hakimkai tumboni, alikuta maharage, wali, parachichi lililopondwa na limau na vitunguu, pilipili, na majani ya giligilani. Akaionja tortila ya mahindi, akasema hii ni chapati iliyokosa mafuta. Mkwewe akamweleza kwamba mahindi huchemshwa kwanza na chokaa ndipo yasagwe. "Chokaa ya kupaka ukuta?" Akala 4. Kinywaji chekundu alichoagiza mtoto akakitambua kabla hakijafika mdomoni: choya, ile ile inayouzwa kwao kwenye chupa za maji, ila hii ilikuwa na barafu nyingi kuliko juisi.

Kisha akaiona picha ukutani. Shamba la mimea ya kijivu-buluu yenye majani marefu yenye miiba, na mwanamume mwenye kofia akiikata kwa chuma cha mpini mrefu.

"Mwanangu, huo si mkonge?"

Mhudumu, kijana aliyesema babu yake alifanya kazi hiyo Jalisco, akafurahi kuulizwa. Akaeleza, na baba akawa mkalimani. Ule si mkonge wenyewe bali ndugu yake, wa ukoo mmoja. Hukaa shambani miaka 6, 7 au zaidi. Majani hukatwa yakatupwa, hubaki kitovu kama nanasi kubwa la makumi ya kilo. Hicho huokwa, hukamuliwa, maji yake huchachushwa na kuchemshwa kukusanya mvuke. Inayotoka ikiuzwa mapema huwa nyeupe, ikilazwa kwenye pipa la mbao miezi 2 au zaidi hupata rangi, na ya mwaka mzima huwa ghali. Baba alitafsiri yote hayo kwa utulivu, hata habari za mapipa.

Bibi alisikiliza kama mtu anayesimuliwa kuhusu shamba lake. Marehemu mumewe alikuwa manamba, alikata mkonge miaka mingi. Huko majani ndiyo mali, kitovu huachwa kikaoza. Mkonge wenyewe una asili ya Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika Tanganyika ikiwa hai. Mashamba yote ya Tanga yaliyofuata yalianzia hapo.

"Nikuletee ya kuonja, bwana?" mhudumu akamuuliza baba. "Kwa heshima ya mama."

Mtoto akaacha kutafuna. Mkewe akaanza kukunja kitambaa cha mezani. Siku nyingine baba angesema anaendesha gari, jibu ambalo huwa halina swali la pili. Akamwambia kijana, "Hapana, asante, mimi nimeacha." Kijana akaitikia kwa kichwa, akaondoka na sahani tupu. Basi, hivyo tu.

Bibi hajui Kiingereza, lakini alikuwa ameona nyuso.

"Anasemaje?"

"Ananipa pombe, mama. Nimekataa." Akameza mate. "Nilikuwa nakunywa sana. Nimeacha sasa, mwezi wa 14."

Bibi akachovya kipande cha tortila kwenye pilipili, akakila chote kabla ya kusema. "Simu zako za usiku wa manane. Ulidhani nilifikiri ni usingizi?" Akafuta vidole. "Baba yako siku ya mshahara nilikuwa namsubiri barabarani, nichukue ya unga kabla hajapita kilabuni. Wewe ulikuwa mgongoni."

Hilo baba alikuwa hajawahi kulisikia. Pengine lingefaa kusemwa miaka 20 nyuma. Wazazi wetu wengi huyatunza ya aina hii hadi yanakosa mtu wa kuyasikia. Alitaka kuuliza zaidi, lakini wahudumu walikuwa wamefika na kofia, wakipiga makofi, na mtoto akawa amefunikwa hadi puani.

"Mke mwenzangu, usiivue!" bibi akasema akicheka.

Bili ilipokuja na bakshishi kulipwa, bibi alikataa kuondoka kwanza. Alimtaka mwanawe ampige picha akiwa amesimama kando ya ile ya ukutani, na yule mkataji aonekane vizuri na chuma chake. Alitaka kuwaonyesha Muheza.