Diwali, kahawa na daftari la mwaka mpya Karagwe

Karagwe. Novemba ikiingia, usiku wa huku hauwi na giza sana. Kandokando ya barabara ya Kayanga hadi Omurushaka watu husimamisha mabati, chini yake wakaweka mapipa na juu wakawasha taa kali. Senene huufuata mwanga, hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Watoto hawalali, na mama akiwaita waingie ndani hawasikii. Uganda, ng'ambo ya mpaka, Waganda mwezi huo wameuita Musenene.

Siku hizohizo, au wiki chache kabla, kuna taa nyingine zinazowashwa mbali na hapa. Hizo ni ndogo, za udongo, zenye utambi na samli au mafuta, na hupangwa kwenye vizingiti na madirisha ya nyumba za Wahindu, Mwanza na Kisutu, Dar es Salaam. Ni Diwali, sikukuu inayoangukia usiku usio na mwezi kati ya Oktoba na Novemba. Kwa familia zenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India, mwezi mpya unaofuata usiku huo ndio unaofungua mwaka.

Mkulima wa Nkwenda anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ya kitu kimoja kinachofanyika katika nyumba hizo usiku wa Diwali, nacho ni daftari.

Kwanza nyumba yenyewe. Siku kadhaa kabla ya sikukuu kila kitu hutolewa nje: masanduku, vyombo, magodoro, nguo zisizovaliwa tena. Kuta hufutwa na sakafu husuguliwa. Mbele ya mlango wasichana na mama zao huchora maua na duara kwa unga wa rangi, michoro inayoitwa rangoli, ambayo mgeni huikwepa kwa heshima ili asiikanyage. Jikoni hutengenezwa vitu vitamu vya maziwa na sukari, pamoja na chevda, ambayo watoto wa Dar es Salaam wa dini zote wanaifahamu tangu shuleni.

Asubuhi ya mwaka mpya watu huamka mapema na kuvaa nguo mpya. Kule Gujarat, alfajiri hiyo wauza chumvi hupita mitaani wakinadi, na kila nyumba hununua kidogo, kwa kuwa chumvi ya kwanza ya mwaka ni dalili ya heri. Watoto huinama na kugusa miguu ya wazee, nao huwabariki na kuwapa vijisenti. Salamu ya siku hiyo ni "Sal Mubarak". Neno la kwanza ni mwaka. La pili Mswahili halihitaji mkalimani. Hesabu yao ya miaka iko mbele ya kalenda ya kawaida, kwa hiyo Diwali ya Oktoba 2025 ilifungua mwaka wa 2082.

Sasa daftari. Katika familia za wafanyabiashara, hesabu za mwaka unaokwisha hufungwa kabla ya Diwali. Anayedai anadai, anayedaiwa anajitahidi alipe. Jioni ya sikukuu vitabu vipya vya hesabu, vyenye majalada mekundu, huwekwa mbele ya sanamu au picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali, na ya Ganesh mwenye kichwa cha tembo. Ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili kabla ya kuandikwa senti yoyote: shubh na labh, yaani heri na faida. Siku hizi wapo wanaoweka kompyuta mpakato mahali pa kitabu. Baada ya hapo maduka mengi hupumzika, na wengi hufungua rasmi siku ya tano ya mwaka.

Kwa mzazi, jambo la kutazama hapo ni nani aliyepo. Familia nyingi za wenye maduka Afrika Mashariki ziliishi nyuma ya duka au juu yake, na daftari lilipobarikiwa watoto walikuwa wameketi palepale sakafuni, wakisubiri vitu vitamu. Walikua wakijua kwamba nyumba yao ina hesabu, na kwamba kuna siku katika mwaka ambayo hesabu hiyo hutazamwa na wote.

Gujarat na Karagwe hazikukutana jana. Katika miaka ya 1850, mfanyabiashara aitwaye Musa Mzuri, mtu wa Surat aliyeweka makazi Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, alikuwa akifanya biashara na ufalme wa Karagwe, na alimsaidia Rumanyika kushinda ugomvi wa kiti cha utawala dhidi ya ndugu yake Rogero. Musa alikuwa Mwislamu, hakuwa Mhindu. Mzungu John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika Novemba 1861, alikuta njia za misafara zimeshazoeleka. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, maduka ya Wahindi yalienea Kagera, yakiuza chumvi, vitambaa na mafuta ya taa na kununua kahawa. Mkulima naye aliingia kwenye lile daftari jekundu, mara nyingi katika safu ya wadaiwa. Tusilipambe sana.

Ushirika ulikuja kubadilisha hilo. Chama kikuu cha Bukoba kilianza mwaka 1950, na Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU, mwaka 1990. Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, wakulima wake waliendelea kuuza humohumo. Leo kahawa hupelekwa chama cha msingi, hupimwa, na mkulima hupewa stakabadhi. Hizo karatasi huishia wapi? Nyingine ziko kwenye mfuko wa shati, nyingine chini ya godoro, nyingine zimefungiwa sukari.

Desemba, Karagwe na Kyerwa huwa na sikukuu zao, na ni nzuri. Mabasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza hupita Kyaka yakiwa yamejaa, hupandisha vilima hadi Kayanga, kisha Omurushaka ambako njia hugawanyika: moja inaelekea Nkwenda na Murongo, kwenye mto Kagera na mpaka wa Uganda. Watoto waliokulia mjini hushuka wakiwa na simu mkononi, na Kinyambo kimewaponyoka.

Nyumbani kazi imeshafanyika. Kibanja kimepaliliwa, uwanja umefagiwa hadi kwenye mashina ya migomba, na katika nyumba zinazoshika mila nyasi mbichi hutandazwa sakafuni hadi chumba kinuke kama malisho baada ya mvua. Aliyeiona rangoli ataelewa: mlango unaambiwa kuna siku kubwa. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, maji yake matamu wanapewa watoto, yanayobaki huchanganywa na mtama yachachuke yawe rubisi. Ndizi na maharage hupikwa zikiwa zimefunikwa majani ya mgomba. Mtoto hupiga magoti kumwamkia bibi, na yule wa mjini asiyejua hufundishwa papo hapo, mbele ya watu, jambo ambalo halisahau.

Mgeni hupewa kahawa ya kutafuna: buni zilizochumwa, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Haihitaji kikombe wala sukari. Hupokewa kwa mikono miwili, na aliyeipokea amekuwa mtu wa nyumba hiyo kwa siku hiyo.

Kwa hiyo usafi upo, vitu vitamu vipo, heshima kwa wazee ipo, na wageni wapo. Kinachokosekana ni ile jioni ya daftari, na pengo hilo huonekana Januari.

Kahawa ya huku huanza kuvunwa kama Mei na kuendelea hadi Oktoba. Fedha yake huingia nyumbani kwa mafungu, na kila fungu lina mwenyewe: bati, harusi, pikipiki, mgonjwa, michango. Desemba humaliza kilichobaki, na hakuna anayetaka kuonekana mchoyo mbele ya ndugu waliosafiri siku mbili. Kisha shule zinafunguliwa. Serikali imeondoa ada katika shule zake, lakini sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na nauli havijaondolewa, na waliompeleka mtoto shule binafsi wana lao. Wakati huo kahawa shambani bado ni punje za kijani.

Ndipo mgeni mwingine hufika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba, karibu."

"Nasikia kijana amechaguliwa kidato cha kwanza."

"Amechaguliwa, Mungu ni mwema."

"Basi mzee wangu, tusaidiane."

Hakuna anayetamka neno butura, lakini ndiyo hiyo: kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje changa, kwa bei anayoitaja mwenye fedha. Serikali imeipiga marufuku na viongozi wameikemea kwenye mikutano mara nyingi. Bado inaishi, kwa sababu hufanyika sebuleni, kati ya watu wanaofahamiana, siku ambayo mtoto amesimama mlangoni bila viatu.

Hesabu yake ni rahisi, na pengine ndiyo maana haifanywi. Tuseme nyumba inahitaji Sh300,000. Mnunuzi anatoa Sh60,000 kwa gunia litakalovunwa. Magunia matano yameondoka. Julai gunia hilo likiuzwa, tuseme, Sh200,000, nyumba imelipa Sh1,000,000 kwa kukopeshwa laki tatu kwa miezi sita. Mnunuzi hakupalilia, hakuchuma, wala hakukaa akichungulia mawingu kahawa ikiwa uwanjani. Na mara nyingi mama, ambaye ndiye aliyeianika na kuigeuza, huja kujua siku ya kupakia.

Hili la mwisho ndilo linalozivunja nyumba. Fedha hupotea mara moja, lakini mke aliyegundua kwamba jasho lake la msimu liliuzwa kabla halijatoka hukumbuka miaka mingi. Watoto nao huona. Wanaona kahawa yao ikipimwa kwa mzani wa mtu mwingine, na hakuna anayewaeleza kwa nini.

Desemba hiyohiyo, nyasi zikiwa bado mbichi sakafuni na watoto wote wakiwa nyumbani, ingetosha jioni moja. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Mtoto mwenye mwandiko mzuri anaandika. Baba na mama wanataja. Stakabadhi zinatolewa chini ya godoro. Kilo ngapi, shilingi ngapi, zilikwenda wapi. Nani anatudai, nani tunamdai. Januari itahitaji nini, kwa jina la kila mtoto. Laki moja ikiwekwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa mwezi wa Agosti, kabla Desemba haijafika, ina nguvu kuliko laki tatu za kuombwa Januari.

Itakuwa jioni ngumu. Yapo madeni ambayo baba hakuyasema, na yapo ambayo mama aliyaficha kwenye kikundi chake. Wahindu nao huifanya ngumu hiyo katikati ya taa na vitu vitamu, na huenda hilo ndilo wanalolijua zaidi kuhusu watu. Hesabu ya aibu inasomeka vizuri zaidi mtu akiwa ameshiba na wanawe wamemzunguka.

Siku ya kuondoka, bibi humfungia mjukuu wa mjini senene waliokaushwa na kahawa kidogo ya kutafuna ndani ya jani la mgomba. Basi la alfajiri linapita Omurushaka, linashuka kuelekea Kyaka. Nyuma, nyumba inarudi kuwa na watu wake wa kila siku.

Mnunuzi akifika na pikipiki yake atakaribishwa ndani kama mgeni mwingine yeyote. Atapewa kahawa, ataipokea kwa mikono miwili, ataulizwa habari za nyumbani kwake. Akishaanza kusema la kusaidiana, mtoto ataitwa alete daftari.