Mlio wa Harley Unaanzia Kwenye Krenki

Wengi wetu tulianza kulijali jina la Harley-Davidson kwa sababu ya Papa Fransisko. Mwaka 2013 kampuni hiyo ya Marekani ilimzawadia pikipiki. Akaitia saini kwenye tangi, akaitoa iuzwe. Ilinunuliwa mnadani Paris, Februari 2014, kwa euro 241,500, na fedha zikaenda Caritas ya Roma, kwa ajili ya makazi na jiko la maskini pale kituo cha treni cha Termini.

Hapa seminarini habari hiyo ilizaa ubishi mwingine kabisa: kwa nini pikipiki ile inanguruma vile? Wenzetu wengine walishikilia kwamba siri iko kwenye ekzosi. Sisi tunaoshinda karakanani tunasema iko ndani zaidi.

Injini ile ina silinda mbili zilizotanuka kama herufi V, kwa pembe ya digrii 45, na konrodi zote mbili zimeshikwa na pini moja ya krenki. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, yaani digrii 720. Milipuko ingegawana sawasawa, kila mmoja ungesubiri digrii 360. Lakini ile pembe ya 45 inauwahisha mmoja na kuuchelewesha mwingine: mlipuko, digrii 315, mlipuko, kisha digrii 405 za kungoja. Basi injini ikiwa imesimama tu inawaka, utasikia kama mtu anayetembea akichechemea. Ducati za Italia, zenye pembe ya digrii 90, hupishana 270 kwa 450. Mlio ni mwingine, na mtetemo ni mdogo.

Ushahidi wetu mkubwa ni Honda. Shadow zao za awali zilikuwa na pini zilizopishana ili kupunguza mtetemo. Mwaka 1995, kwenye Shadow ACE 1100, wakarudi kwenye pini moja na kuukubali mtetemo, ili tu mlio ukaribie ule wa Harley. Kama bomba lingetosha, wangebadili bomba. Harley nao waliomba mwaka 1994 mlio wao usajiliwe kama alama ya biashara. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ombi likaondolewa.

Sasa vijana wetu wa bodaboda. Pikipiki zao, kama hii ya seminari, zina silinda moja: mlipuko mmoja kila digrii 720, kwa nafasi ileile daima. Kijana akitoboa sailensa hapati ule mchechemeo. Anapata mlipuko uleule, ila mkubwa zaidi, na barabara ya parokiani inapita chini ya madirisha ya zahanati, kwenye wodi ya wazazi. Tumeanza kuwaeleza haya kijiweni kwao, kwa chaki na ubao. Wawili wamerudisha sailensa. Wa tatu ametuuliza Shadow ACE inauzwa shilingi ngapi.