Waberi kwa baiskeli: Jua, miiba na mto wenye hasira

Sisi waendesha baiskeli wa Nairobi tuna manung'uniko yetu. Matatu hutusukuma hadi mtaroni, vijia tulivyotengewa kando ya barabara ya Thika huvamiwa na wachuuzi wa mitumba na ndizi, na mvua ikinyesha hakuna ajuaye shimo liliko mpaka gurudumu la mbele limwonyeshe. Ndiyo maana sikukuu ikiangukia Ijumaa na mwisho wa juma ukarefuka, mtu hutamani mahali pasipo na vilima, pasipo na matatu za kumpigia honi kisogoni. Ukiitazama ramani ya Kenya, mahali hapo ni Garissa.

Ramani haisemi uongo, ila haisemi yote.

Garissa iko kilomita 370 hivi kutoka Nairobi, kupitia Thika na Mwingi. Kutoka baridi ya jiji, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, barabara hushuka polepole hadi mita 150 tu. Eneo bunge la Garissa Mjini lina wadi nne: Township, Galbet, Iftin na Waberi. Jina Waberi ni la Kisomali, na maana yake ni mapambazuko. Mgeni hulisikia akadhani ni jina tu kama majina mengine. Mwendesha baiskeli huchukua siku moja tu kugundua kwamba ni ushauri.

Baiskeli yalipa nauli

Safari ya sikukuu ya Idd huanzia Eastleigh, na huanza kwa mabishano. Nauli imepanda, mabasi yamejaa, kila abiria ana mizigo ya kupelekea jamaa zake: godoro, mikeka, viazi, nguo mpya za watoto. Katika hali hiyo, mtu anayefika kituoni akisukuma baiskeli hutazamwa kama aliyekuja na ng'ombe.

"Hii inalipa kama mtu mzima," utingo aliniambia.

"Itakaa kiti gani?"

"Itakaa kwa buti. Lakini italipa."

Ililipa, ikalazwa chini ya magunia, na mizigo mingine ikaongezwa juu yake kila tuliposimama. Baada ya Mwingi miji hupungua. Nguni, halafu Ukasi, kisha ni migunga na mibuyu, na ngamia wanaovuka barabara bila haraka, kama wazee wanaotoka barazani. Ubaridi uliotufuata kutoka Nairobi hutoweka, madirisha yakafunguliwa, na upepo unaoingia ukawa kama ule wa mdomo wa tanuri.

Kabla ya kuuvuka mto Tana kuna kizuizi cha askari. Abiria hushuka, hupanga foleni na kuonyesha vitambulisho. Changu kilitazamwa mara moja, nikaambiwa nipite. Jirani yangu, mama Msomali aliyekuwa akienda kusherehekea Idd kwa bintiye, aliulizwa alikozaliwa, alikosomea na anakokwenda. Alijibu bila kubadilisha uso, kama mtu anayesoma somo alilolikariri zamani.

Lina historia ndefu somo hilo. Mwaka 1989 serikali iliendesha msako wa kuwachunguza Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa kadi za rangi ya waridi, ili wathibitishe kwamba ni raia. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitia saini tangazo la kufuta uchunguzi wa ziada uliokuwa ukifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Wenyeji walilipokea kwa furaha, lakini pia kwa tahadhari ya watu walioahidiwa mengi. Kwa msafiri funzo ni fupi: ukisahau pampu nyumbani utaazima, ukisahau kitambulisho safari imekwisha.

Basi liliingia mjini saa sita mchana badala ya saa tatu asubuhi, na baiskeli ilipotolewa butini rimu ya nyuma ilikuwa imepinda kama bakuli la bati lililokanyagwa.

Kiraka ni kama chai

Fundi niliyeelekezwa hukaa chini ya mwarobaini. Ni mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, na vifaa vyake vyote huenea ndani ya kijisanduku. Niliposema "Salaam aleikum, adeer," yaani ami, bei ilishuka kabla hata sijaiuliza. Aliinyoosha rimu kwa kukaza na kulegeza spoki moja moja, huku akiizungusha na kuisikiliza.

Kisha akaibonyeza tairi kwa kidole gumba, akacheka. "Hii ni ya lami. Hapa tuna miiba."

Hakuwa akitania. Katika siku tatu nilipata pancha saba. Moja ilinikuta nimesimama kabisa, nikinunua tikiti maji. Adui mkubwa ni mti unaoitwa mathenge, ambao asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Uliletwa na kupandwa katika sehemu kame za Kenya kuanzia miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Kuni ulizitoa kweli, na kivuli pia, ila haukukubali kukaa ulipopandwa. Mifugo hula maganda yake matamu, mbegu husafiri tumboni mwao, na kila wanapopita huota msitu mwingine wa miiba. Huko Baringo wakazi walichoka, na mwaka 2006 wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu. Hata mbuzi kibogoyo alifikishwa mahakamani kama ushahidi wa jinsi maganda hayo yanavyoharibu meno ya mifugo. Mwaka 2008 mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Tangazo hilo mti haukulisoma. Garissa na kando ya mto Tana umetanda, umeziba njia za mifugo kwenda majini, na tawi moja kavu likipeperushwa barabarani, kila mwenye gurudumu hulipa ushuru. Wenyeji nao hawakukaa wakilia. Wengine huuchoma makaa, wengine huokota maganda na kuyasaga yawe chakula cha mifugo.

Fundi alinipa dawa ya huko. Alichukua tyubu kuukuu, akaipasua kwa urefu, akaitandika ndani ya tairi iwe kama ngozi ya pili. Tairi ikawa nzito, lakini pancha zikapungua.

"Zitakwisha?" nikamuuliza.

"Kiraka hapa ni kama chai, walaal. Siku haiishi bila."

Saa za kuendesha

Jua la Garissa halina mzaha. Kipimajoto hupita nyuzi 35 bila mtu kushangaa. Kuanzia saa nne asubuhi chuma cha usukani hakishikiki, na kufikia saa saba hata tuktuk, ambazo ndizo zinazotawala mji siku hizi, hujikunyata kwenye vivuli. Mwendesha baiskeli mwenye akili hutoka baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu, hurudi kabla ya saa tatu, na hatoki tena mpaka baada ya alasiri. Ndipo unapoelewa kwa nini mtaa ukaitwa Mapambazuko.

Saa hizo ni raha tupu. Barabara ni tambarare, mchanga umepoa, akina mama wanapanga madebe ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mgeni anywe kikombe kimoja, angoje siku ya pili ndipo aongeze. Tumbo lisiloyazoea hutoa uamuzi wake haraka, na baiskeli si chombo cha kusubiria uamuzi huo.

Kilomita tano hivi kusini ya mji kuna hifadhi ya jamii ya Bour-Algi, wanakoishi twiga wenye madoa yaliyochorwa kama wavu. Hapana haja ya gari la kitalii. Unasimamisha baiskeli, na shingo ndefu zinakutazama juu ya migunga, huku mchungaji akipita na mbuzi wake bila kuinua macho.

Ukienda upande wa mto, mambo hubadilika. Mashamba ya ndizi, maembe na mapapai yameufuata ukingo, na baadhi ya wakulima ni Wamunyoyaya, walioishi na Tana tangu jadi. Vijia vyake vina kivuli, lakini alfajiri huwa na wenyewe. Nikiwa nimeshika kasi nilisikia sauti: "Simama! Ngoja mkubwa apite!" Mkubwa alikuwa kiboko aliyekuwa akirudi mtoni baada ya kula usiku kucha. Alipita hatua thelathini mbele yangu, na hakuna matatu ya Nairobi iliyowahi kunifanya nishuke baiskelini kwa heshima kama ile.

Barabara inapokatika

Mto huo ndio uhai wa Garissa, na ndio unaoweza kuitenga na Kenya nzima. Mabwawa ya Masinga na mengine ya huko juu yakijaa na kufurika, maji huja Garissa hata kama hapo hapajanyesha tone. Ilikuwa hivyo katika El Nino ya 1997 na 1998, na tena Novemba 2023, barabara ya Nairobi ilipomezwa na maji karibu na Madogo, ng'ambo ya daraja. Mwishoni mwa Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikiwavusha watu katika mafuriko eneo la Kona Punda ilipinduka, na watu kadhaa wakafa. Nilipopita hapo kwa baiskeli palikuwa pakavu, vumbi tupu, na watoto wakicheza mpira. Ni vigumu kuamini kwamba watu walizama mahali ambapo sasa unatafuta maji ya kunywa.

Wengi jijini, ukiwaambia unakwenda Garissa, hawaulizi juu ya mto wala miiba. Wanakumbuka alfajiri ya Alhamisi, 2 Aprili 2015, mkesha wa Ijumaa Kuu, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hilo halisahauliki na halipaswi kusahauliwa. Barabara za kuelekea mpakani bado si za kujaribu kwa baiskeli, na kabla ya kutoka nje ya mji ni lazima uwaulize wenyeji. Lakini chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mji haukuhama. Watu wanafuga, wanauza, wanasoma, wanaoza mabinti.

Mtu aliye ndani ya basi, pazia limeshushwa, huwa na hofu moja kubwa isiyo na sura. Aliye juu ya baiskeli huhesabu taabu ndogo ndogo zenye majina: mwiba, jua, kiboko, kizuizi. Taabu zenye majina zina dawa, na dawa yake aghalabu ni mtu fulani aliyeketi chini ya mwarobaini.

Ukipanga kwenda, msomaji, beba kofia pana, viraka vingi, gundi na kitambulisho. Uliza habari za mto kabla ya kukata tikiti. Na mzee akikuita walaal, shuka kwanza uitikie salamu, pancha itangoja.