Stara na Upepo wa Isiolo

Mji wa Isiolo uko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, baina ya nyanda kavu za kaskazini na miteremko ya Mlima Kenya. Huko tuliwaona akina mama wa Kiborana na Kisomali wakitembea juani kwa mavazi mapana na mepesi, bila dalili ya uchovu. Siri ni nafasi iliyopo baina ya nguo na mwili: hewa hupita humo ikaondoa joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba joko pana jeusi la Mabedui halimzidishii mvaaji joto kuliko jeupe.

Lakini apandaye kuelekea Timau hukutana na baridi, kwani kila mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Basi, dada zetu, chukueni nguo kadhaa nyepesi badala ya koti moja zito. Sweta livaliwe juu ya buibui, lipate kuvuliwa njiani kabla ya jasho pasina kuvunja stara, mkipumzika, lirudisheni. Fulana ya pamba ikilowa, ibadilisheni faraghani, maana huleta baridi mwilini. Stara haimzuii mwanamke kupanda mlima. Linalomdhuru ni jasho lisilopata pa kutokea.