Mabanda ya Chemnitz na Magari ya Pamba

Msafiri atokaye Leipzig kwa gari moshi kuelekea kusini hufika Chemnitz baada ya mwendo wa saa moja hivi. Huo ni mji wa viwanda tangu zamani, katika jimbo la Sachsen, mashariki ya Ujerumani, na kuanzia mwaka 1953 hadi 1990 uliitwa Karl-Marx-Stadt. Katikati ya mji pangali na kichwa cha shaba cha Karl Marx, chenye kimo cha zaidi ya mita 7, kilichozinduliwa mwaka 1971. Wageni hupiga picha hapo, wakanywa kahawa, wakaondoka. Ni wachache wanaofika pembezoni, nyuma ya majumba marefu ya ghorofa, ambako kuna mandhari isiyotajwa sana katika vitabu vya watalii: safu baada ya safu za mabanda ya magari, yaliyobanana kama vyumba vya soko, kila moja na mlango wake wa mabawa mawili.

Mabanda hayo katika Chemnitz peke yake yanakadiriwa kuwa 30,000. Kila moja lina upana wa mita tatu hivi na urefu wa mita tano au sita. Siku za kazi pako kimya. Lakini Jumamosi asubuhi, baridi inapokwisha, milango hufunguliwa mmoja baada ya mwingine, redio zikawashwa, na wazee wenye bwelasuti za buluu wakaanza kuingia chini ya magari ambayo kiwanda chake kilifungwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Ili kuelewa sababu ya kuwako kwa mabanda hayo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilijenga mitaa mikubwa ya majumba ya zege ili kumaliza shida ya nyumba. Mtaa wa Fritz Heckert, ulioanzwa mwaka 1974, ni mmojawapo. (Msomaji aliyewahi kuyaona majumba ya Michenzani, Unguja, yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa nchi hiyo hiyo, atapata picha ya umbo lake.) Familia zilipata maji ya moto na vyumba vyenye joto, bali gari halikuwa na mahali pa kulala. Nalo gari halikuwa kitu cha kuachwa nje kwenye theluji, kwani mtu alilisubiri miaka kumi na zaidi. Vijana walijiandikisha mara tu walipotimiza miaka 18, wakalipata wakiwa na watoto wanaosoma. Kwa sababu hiyo majirani waliungana, wakaomba kiwanja, wakachanga fedha na saa za kazi, wakajenga wenyewe. Waashi walipiga matofali, mafundi wa umeme wakatandaza nyaya, na asiyekuwa na ufundi alichanganya zege. Wengine walichimba na shimo sakafuni, la kusimama mtu anapotengeneza gari kwa chini.

Gari lenyewe aghalabu lilikuwa Trabant. Lilitengenezwa Zwickau, mji ulio umbali wa kilometa 40 hivi kutoka Chemnitz, kuanzia Novemba 1957, mwezi mmoja baada ya Warusi kurusha Sputnik. Na jina lake maana yake ni mwandani, yaani kile kiambatanacho na kikubwa, kama mwezi na dunia. Mabati ya chuma yalikuwa adimu. Wahandisi wakabuni bodi ya duroplasti: mabaki ya pamba kutoka Urusi yaliyolowekwa katika gundi ya viwandani, yakashindiliwa kwa joto na mgandamizo mpaka yakawa magumu. Huko Magharibi watu walilicheka wakiliita gari la makaratasi. Kicheko hicho hakikuwa cha haki, kwani duroplasti haiozi wala haishiki kutu, na gari hilo dogo lenye uzito wa kilo 600 na kidogo lilibeba watu wanne na mizigo yao hadi mwambao wa Bulgaria. Hata hivyo haifai kulisifu kupita kiasi. Lilitoa moshi mzito, na aina ya 601 iliyoanza mwaka 1964 iliendelea kuuzwa, kwa mabadiliko machache tu, hadi mwaka 1990, wakati ulimwengu wote ulikwisha songa mbele.

Injini yake, iliyotengenezwa Karl-Marx-Stadt kwenyewe, ndiyo inayowafurahisha mafundi wa mabandani. Ina silinda mbili na ukubwa wa sentimeta za ujazo 600 hivi, na nguvu za farasi 26. Haina rejeta, kwani hupozwa kwa upepo. Haina pampu ya petroli, kwani tangi liko mbele, chini ya boneti, na petroli hushuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Sehemu zake kuu ziendazo ni tano tu: pistoni mbili, mikono yake miwili, na kranki. Magari mengi hayakuwa na geji ya petroli; dereva alichovya kijiti tangini, akasoma. Watu wawili wenye nguvu huweza kuitoa injini hiyo kwa mikono na kuiweka mezani.

Injini ya namna hiyo haina oili yake pekee chini. Oili huchanganywa na petroli, na ndiyo inayolainisha kila kitu. Kwa magari ya kuanzia mwaka 1974 kipimo ni moja kwa hamsini: lita 20 za petroli hutiwa oili desilita nne. Ikipungua, pistoni hushikamana na silinda. Ikizidi, plagi huchafuka na eksozi huziba. Kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Gari likiteremka mlima mrefu huku dereva ameachia mafuta, injini huzungushwa na magurudumu bila kupata petroli ya kutosha, na kwa hiyo bila oili. Ndiyo maana katika gia ya nne waliweka kifaa cha kuliachia gari liserereke lenyewe, injini ikibaki kunguruma polepole. Anayejifunza kuliendesha leo, aliyezoea gari la kisasa kumsaidia kupunguza mwendo, hushtuka anapoona kuteremka kwake kwategemea breki peke yake.

Spea zilikuwa shida wakati ule. Mtu aliyekuta mabomba ya eksozi dukani alinunua mawili, hata kama lake lilikuwa zima, kwa kuwa jirani angelihitaji na yeye angekuwa na klachi ya kubadilishana. Palikuwa na vitabu vya kujifunzia, vya mfululizo ulioitwa »Wie helfe ich mir selbst?«, yaani »Nijisaidieje Mwenyewe?«, vilivyomwonyesha mwenye gari hatua kwa hatua jinsi ya kufungua hata injini. Nakala zake zenye alama za vidole vya grisi zingaliko kwenye rafu za mabanda, kando ya chupa za matunda yaliyohifadhiwa na sukari, kwani banda lilikuwa pia ghala ya nyumbani, na wakati mwingine baraza ya kunywea bia.

Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, Trabant zilionekana katika televisheni za dunia nzima zikivuka mpaka. Muda mfupi baadaye zilitupwa. Watu walinunua magari yaliyotumika ya Magharibi, na lile gari lililosubiriwa kwa muda mrefu likaachwa kando ya njia au likauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hata kulitupa kulikuwa tabu: duroplasti haiyeyuki ikatengenezwa upya, na kuichoma hutoa moshi wenye sumu. Kiwanda kilitoa gari la mwisho tarehe 30 Aprili 1991, baada ya kutengeneza Trabant zipatazo milioni tatu. Zaidi ya 30,000 zingali zimesajiliwa Ujerumani leo, na nyingi ya hizo zimeponywa na watu wa mabanda.

Kuponya kwenyewe si kazi ya juma moja. Mgeni akiona bodi inang'aa hudhani gari ni zima, kumbe ugonjwa umo ndani. Chini ya vipande vya duroplasti kuna kiunzi cha chuma, nacho huliwa na kutu mahali pasipoonekana: chini ya milango, pembeni mwa sakafu, na pale maji ya chumvi ya barabarani yanapokusanyika wakati wa baridi. Fundi mwenye uzoefu hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti ya kigae. Hapo ndipo vipande vya bodi huondolewa kimoja kimoja, skrubu zikatiwa katika makopo yenye maandishi, kutu ikakatwa mpaka kwenye chuma safi, na bati jipya likachomelewa. Duroplasti haistahimili moto wa kuchomelea, kwa hiyo atakaye kukwepa kazi ya kufungua hujikuta ameunguza kile kisichokuwa na kosa. Kisha huja msasa, ambao hupigwa kwa maji ili vumbi lisivutwe kifuani, na mwisho rangi zile za upole za kiwandani: nyeupe ya mafunjo, buluu ya barafu, kijivu cha pomboo.

Kuhusu rangi na nakshi kuna ubishi usiokwisha. Wako wapendao kulipamba gari kwa magurudumu mapana na viti vya ngozi, na wako wanaokataa hata skrubu isiyo ya asili. Sheria ya Ujerumani huwapendelea hawa wa pili: gari lililotimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili huweza kupewa namba yenye herufi H, inayoliruhusu kuingia hata katika sehemu za miji zilizofungiwa magari yenye moshi. Namba hiyo si hoja ya kutosha. Gari lililobakizwa na mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza, likatengenezwa breki na kiunzi tu, huwa na mengi ya kusema kuliko lile lililofanywa kama limetoka kiwandani jana.

Si wazee peke yao wanaoonekana huko. Vijana wa kike na wa kiume hufika na pikipiki ndogo za Simson, zilizotengenezwa Suhl. Mkataba wa kuungana kwa Ujerumani uliziachia haki moja ya pekee: zile zilizoanza kutumika Ujerumani ya Mashariki kabla ya mwisho wa Februari 1992 zinaruhusiwa kwenda kilometa 60 kwa saa, ilhali nyingine za daraja lake huzuiwa kwenye 45. Kijana wa miaka 15, akiwa na leseni, huona tofauti hiyo si ndogo. Anahitaji injini ifanyayo kazi, na mwenye kuifahamu injini hiyo ni mzee wa banda la pili.

Lakini mabanda yenyewe yamo mashakani. Kwa sheria ya Ujerumani ya Mashariki, mtu aliyepewa kiwanja kwa mkataba alikuwa mwenye banda alilolijenga, ingawa ardhi haikuwa yake. Kwa sheria ya Ujerumani iliyoungana mwaka 1990, jengo hufuata ardhi. Sheria ya mwaka 1994 iliweka kipindi cha mpito. Ulinzi wa mikataba ya mabanda ukakoma mwisho wa mwaka 1999. Tangu hapo, mwenye ardhi, ambaye mahali pengi ni halmashauri ya mji, akivunja mkataba, banda huwa lake, hata kama kila tofali lilibebwa na aliyelijenga. Wengine wamebaki wapangaji wa kile walichokijenga kwa mikono yao. Kwingine safu nzima zimebomolewa ili kupata nafasi ya nyumba au maduka, na si haki kusema kwamba mji hauna haja ya nyumba.

Mwaka 2025 Chemnitz ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, na mabanda yakawekwa katika ratiba ya sherehe: wenyewe walipigwa picha, baadhi wakafungua milango, na wageni wakaingia kuuliza kabureta ni nini. Heshima hiyo haikubadilisha sheria ya ardhi. Barua ya kuvunja mkataba ifikapo, kitu cha kwanza kutafutiwa mahali ni gari. La pili ni spea. Majirani huja na mikokoteni, wakagawana pistoni zilizofungwa kwa karatasi za grisi tangu mwaka 1985, milango isiyo na kutu, na taa ambazo hakuna akumbukaye zilinunuliwa kwa ajili ya nani. Chupa za matunda humwagwa. Lile shimo la sakafuni hufukiwa kwa kifusi cha kuta zake lenyewe.